DRUNKEN MASTER: PICHA YA WALEVI AU PICHA YA WANAFUNZI?



Leo naomba tupumzike kidogo na mambo ya siasa na bei ya mafuta. Nina jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi, na nimeona bora nilimwage hapa tulijadili kwa pamoja.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu wa darasa la sita alikuwa uani na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Anapiga funda moja, anayumba kushoto. Anapiga jingine, anayumba kulia, halafu ghafla anarusha ngumi na kuanguka chali makusudi, kisha anainuka tena kwa teke. Watoto wa jirani wamemzunguka wanashangilia. Mimi niliyekuwa nimekaa kibarazani nilikuwa nacheka mpaka machozi, maana nilijua kabisa ameitoa wapi ile. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakucheka. Alimwangalia, akaniangalia mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kamfundisha huyu mtoto kuigiza mlevi?"

Wadau, mimi ndiye niliyemwekea picha ile kwenye flashi. Kesi ikahamia kwangu.

Kwa nini mama alikasirika vile? Kwa sababu ya kaka yake, marehemu mjomba. Alikuwa seremala wa kutegemewa, milango mingi ya mtaani kwetu kaitengeneza yeye. Pombe ilimla polepole mpaka mikono yake ikawa haiwezi kushika randa asubuhi bila kupata kwanza kile kikombe cha kutoa kutetemeka. Sasa mtu aliyemuuguza ndugu yake namna hiyo, ukimwonyesha mtoto anayumba kwa mchezo, utegemee kicheko? Nilinyamaza. Lakini jioni nikamwambia, "Mama, ile picha siyo unavyodhani." Akajibu, "Basi nieleze." Ndiyo nikaanza kufikiri vizuri, na kuuliza watu mtaani wanaonaje. Hii hapa ndiyo taarifa yangu.

PICHA YENYEWE NI IPI?

Kwa wasioijua, Drunken Master, yaani Mwalimu Mlevi, ni picha ya Hong Kong iliyotoka mwaka 1978. Mwongozaji ni Yuen Woo-ping, mtayarishaji ni Ng See-yuen wa kampuni ya Seasonal, na stelingi ni Jackie Chan akiwa kijana wa miaka 24 hivi. Ni picha ya ngumi na vichekesho, vyote viwili kwa pamoja, na karibu kila orodha ya picha bora za kung fu utakayokutana nayo lazima imo.

Jackie Chan anaigiza Wong Fei-hung. Sasa hapa watu wengi wa kwetu hupitwa na utamu. Wong Fei-hung hakuwa mtu wa kutungwa. Aliishi kweli kusini mwa China, akazaliwa 1847 maeneo ya Foshan na kufariki 1925. Alikuwa bwana wa mtindo wa ngumi unaoitwa Hung Gar na pia mganga mwenye zahanati yake ya dawa za Kichina. Kwa watu wa kule ni shujaa mwenye heshima zake. Kuanzia mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alimwigiza kwenye picha zaidi ya sabini, na siku zote kama mzee mwenye busara, mtulivu, anayefundisha maadili.

Halafu ghafla 1978 anakuja Jackie Chan, anamwonyesha shujaa huyohuyo akiwa kijana mtundu, mvivu, anakula hotelini bila pesa na kumkejeli mwalimu msaidizi mbele ya darasa! Fikiria leo mtu atoe picha kuhusu mzee mmoja wa heshima kubwa hapa kwetu, halafu amwonyeshe kijana anayetoroka shule na kuiba maembe. Ndiyo utaelewa kwa nini watu wa Hong Kong walicheka vile. Sisi tunacheka mateke tu, wao walikuwa wanacheka na hilo la pili pia.

KABLA YA HAPO HALI ILIKUWAJE?

Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973. Akaacha pengo ambalo kila mtayarishaji alitaka kuliziba kwa kutafuta Bruce Lee mwingine. Wakaja vijana kibao wenye majina yanayofanana na lake, miwani kama yake, na kelele kama zake. Jackie Chan naye alitumbukizwa humo. Mwongozaji Lo Wei, yuleyule aliyeongoza Fist of Fury ya Bruce Lee mwaka 1972, alimchukua akamweka kwenye New Fist of Fury mwaka 1976, akamtaka awe mkali, mwenye hasira, asiyecheka. Haikufanya kazi. Picha zikawa hazivuti watu.

Jackie hakuwa mtu wa namna ile. Alikulia kwenye chuo cha opera ya Kichina cha mwalimu Yu Jim-yuen, kule wanakofundisha sarakasi, kuimba, kuigiza na ngumi kwa pamoja, tena kwa viboko. Mwili wake ulijua kuchekesha. Lo Wei alipomwazima kwa kampuni ya Seasonal kwa picha mbili, ndipo mambo yalipobadilika. Ya kwanza ni Snake in the Eagle's Shadow, iliyotoka mapema 1978. Ya pili ndiyo hii tunayoizungumzia, iliyotoka Oktoba mwaka huohuo na kuingiza zaidi ya dola milioni 6 za Hong Kong, pesa nyingi sana kwa wakati ule.

Jackie mwenyewe amewahi kueleza mara nyingi alichofanya: aliangalia kila alichofanya Bruce Lee, kisha akafanya kinyume chake. Bruce akipiga ngumi haumii, yeye Jackie akipiga ngumi anapuliza vidole. Bruce hashindwi, yeye anapigwa, anakimbia, anajificha, anarudi. Kwa kifupi, Bruce Lee ni mtu tunayetamani kuwa. Jackie Chan ni sisi wenyewe siku ambayo bahati imetuangukia.

Tusidanganyane lakini kwamba hii ndiyo picha ya kwanza kuchanganya ngumi na kicheko. Spiritual Boxer ya Lau Kar-leung ilitoka 1975. Ila Drunken Master ndiyo iliyoufanya mtindo huo uwe biashara ya kila mtu.

HADITHI KWA UFUPI

Kijana Wong anafanya visa mpaka baba yake, mwenye shule ya ngumi, anachoka. Kimoja ni cha aibu kweli: anamsumbua binti sokoni ili awaonyeshe marafiki zake ubabe, mama wa binti anamcharaza vibaya, halafu akirudi nyumbani anakuta yule mama ni shangazi yake na binti ni ndugu yake wa damu. Hahaha, hapo hata mama yangu alicheka.

Baba anaamua kumpeleka kwa mwalimu mmoja mzee, mchafu, mlevi, anayetembea na kibuyu cha mvinyo, mwenye sifa ya kuwatesa wanafunzi wake mpaka wanakuwa vilema. Anaitwa So, ombaomba. Aliyemwigiza ni Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji! Alizaliwa 1912, kwa hiyo alikuwa na miaka 66 hivi. Zile sarakasi ngumu alikuwa na mtu wa kumsimamia, lakini ile sura, ile pua nyekundu, ule mwendo, ni vyake. Akafariki Januari 1979, miezi michache tu baada ya picha kutoka.

Wong anakimbia mateso ya mazoezi. Njiani anakutana na muuaji wa kukodiwa anayeitwa Thunderleg, yaani mguu wa radi, ameigizwa na Mkorea Hwang Jang-lee, mtaalamu wa taekwondo. Anapigwa na kudhalilishwa. Anarudi kwa mwalimu amenywea, yuko tayari kujifunza sasa. Anafundishwa mtindo wa Miungu Wanane Walevi, kila mmoja na namna yake: mmoja kilema mwenye mguu mmoja wenye nguvu, mwingine ana filimbi, mwingine amebeba mtungi, na wa nane ni mwanamke, Bibi Ho. Halafu yule muuaji anatumwa kumuua baba yake Wong, na mtihani unafika.

Mwisho wake nitausema huko chini, kwa hiyo kama hujaiona na hutaki kuharibiwa, kaitazame kwanza urudi.

WATU WANASEMAJE?

Nimezunguka kwa watu mbalimbali. Nimewaweka kwenye makundi ili tusichanganyane.

1. KUNDI LA WAZEE WA KIBANDA UMIZA

Hawa ndio walioiona zamani kwenye mikanda ya VHS, kwenye vibanda vya mabati na mabenchi, mvua ikinyesha husikii kitu. Wanaipenda kwa mapenzi ambayo hayana maelezo. Mmoja, sasa hivi ana duka la vipuri vya pikipiki, aliniambia, "Dogo, sisi hatukujua hata jina la picha. Tulisema tu twende tukamwone Jeki Chani wa kibuyu."

Ukiwauliza lugha walielewaje, wanacheka. Nakala nyingi zilikuwa Kichina, au Kiingereza kilichobandikwa juu yake ambapo mdomo unasema hiki na sauti inasema kile. Kwenye vibanda vingine kulikuwa na mtu wa kutafsiri papo kwa papo, utamaduni uliowapa Watanzania akina Lufufu, Wakenya wakampata DJ Afro, na Uganda nao wana watu wao wa kazi hiyohiyo. Mtafsiri anaongeza chumvi, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamtetea stelingi kama vile ni ndugu yake.

Kundi hili linasema picha haihitaji maneno. Na wana hoja. Jackie alisomea opera, mwili wake unaongea. Ukizima sauti kabisa bado utajua nani kaudhika, nani anadanganya, nani ana njaa. Ndiyo maana picha ya Hong Kong ya 1978 inaweza kumchekesha mtoto wa Mbagala wa leo bila kuelewa neno moja.

2. KUNDI LA "BRUCE LEE NDIYE MFALME"

Hili lipo na halitaisha. Wanasema Jackie aliifanya kung fu kuwa maigizo. Mwalimu mmoja wa kareti mtaani kwetu alinieleza kwa hasira kidogo: "Kwenye ngumi ya kweli hakuna muda wa kuzunguka kikombe mkononi. Bruce Lee akikupiga moja umelala. Hawa wanapigana dakika kumi hakuna aliyevunjika."

Ni kweli, ukitaka ngumi ya kweli hapa hupati. Hii ni ngoma. Pigo na kizuizi vinakwenda kwa mapigo, kama wachezaji wawili waliofanya mazoezi pamoja. Lakini ndiyo ufundi wenyewe. Angalia kamera: inakaa mbali, inakuonyesha miguu na mikono yote, haikatikikatiki kila sekunde kama picha nyingi za siku hizi ambazo unaona nywele na begani tu halafu unaambiwa mtu kapigwa. Yuen Woo-ping alikuwa anajua anachofanya. Baadaye Wamarekani walimfuata awapangie mapigano ya The Matrix mwaka 1999, na mwaka 2000 akapanga ya Crouching Tiger, Hidden Dragon. Kwa hiyo ukiona Neo anapigana, kuna harufu ya kibuyu cha mzee So pale.

Na wanaosema hawaumii, wakumbuke Jackie alijeruhiwa kweli karibu na jicho wakati wa kuitengeneza picha hii, nusura apoteze jicho. Ngoma, ndiyo, lakini ngoma ya kutoana damu.

3. KUNDI LA "YA PILI NI KALI ZAIDI"

Mwaka 1994, miaka kumi na sita baadaye, Jackie alirudi na Drunken Master II. Alikuwa na miaka karibu 40 na bado anaigiza kijana anayemwogopa baba! Anita Mui akaigiza mama wa kambo, na wengi wanasema ndiye aliyeiba picha yote kwa vichekesho. Jarida la Time mwaka 2005 liliiweka kwenye orodha yake ya picha mia bora za wakati wote. Pambano la mwisho kiwandani dhidi ya Ken Lo, ambaye Jackie anajitupa kwenye makaa ya moto na kutambaa kinyumenyume, ni la kushika roho.

Huko nyuma ya kamera palikuwa na mvutano. Mwongozaji alikuwa Lau Kar-leung, ambaye baba yake alijifunza ngumi kwa Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung mwenyewe. Yaani huyu mtu ni kitukuu wa kisanaa wa shujaa anayeigizwa! Alitaka mambo ya asili zaidi, Jackie alitaka ya kwake, wakashindwana kabla kazi haijaisha, na pambano la mwisho likabaki mikononi mwa Jackie na watu wake.

Mimi kama mimi, kwa mapigano naipa ya pili. Kwa hadithi naipa ya kwanza. Sababu naieleza huko mbele.

4. KUNDI LA WANAOCHOKA

Tuwe wa kweli, wapo. Binti mmoja niliyesoma naye aliitazama yote kwa kunihurumia, akaniambia, "Ndefu, ngumi zimezidi, na vile vichekesho vya kumshikashika binti sokoni siyo vichekesho." Nikajaribu kutetea kwamba yule kijana anaadhibiwa hapohapo na mwanamke mzima tena mbele ya watu. Akasema, "Anaadhibiwa kwa sababu ni shangazi yake. Angekuwa mama mwingine je?" Sikuwa na jibu. Naliweka hapa kwenu.

Pia kuna wanaosema nusu ya kwanza ni visa vilivyopangwa foleni tu, kimoja baada ya kingine, hadithi haisogei. Ni kweli pia. Mpaka Thunderleg anapompiga, huna uhakika picha inaelekea wapi.

5. KUNDI LA MAMA: "INAFUNDISHA ULEVI"

Hili ndilo lililonipeleka kote huko, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Hoja yao ni rahisi. Kwenye picha hii mtu akinywa anapata nguvu. Akilewa ndiyo anashinda. Mtoto akiona vile atajifunza nini? Huwezi kuwajibu kwa kusema "ni picha tu", maana mdogo wangu alikuwa uani na chupa.

Nilirudi kuitazama tena, safari hii nikiwa na swali hilo tu. Nikaona vitu vitatu.

Kwanza, kuna kipande ambacho zamani nilikipita bila kukiona. Mzee So anapambana na yule mpiganaji wa fimbo, anafungua kibuyu apate nguvu, kumbe ndani ni maji. Mzee anaisha. Bingwa aliyekuwa anaruka kama ngedere anageuka kizee cha kuhurumiwa. Picha inakimbia haraka kwenda kwenye kicheko kingine, lakini wamekwisha kukuonyesha: huyu mtu hana mwili wa kwake tena, ameukopa kwa muuza mvinyo.

Pili, ulevi kwenye mtindo huu ni wa kuigiza. Mtindo wa mlevi upo kweli kwenye kung fu za Kichina, na wanaoucheza wanahitaji kuwa wazima kuliko wote, kwa sababu kuyumba bila kuanguka kunataka misuli ya tumbo na kiuno iliyopikwa. Adui anadhani unaanguka, kumbe unaingia. Mlevi halisi hawezi hata kufunga kamba za viatu.

Tatu, ile ya pili ya 1994 inalijibu swali hili waziwazi. Baba wa Wong anampiga marufuku kupigana akiwa amelewa. Wong akilewa kupita kiasi anapigwa na kuning'inizwa hadharani bila nguo, aibu tupu. Na kwenye mwisho wa awali wa picha ile, baada ya kunywa spiriti ya kiwandani ili amshinde adui, anaonyeshwa ameharibika akili na macho. Waliuweka kama mzaha, na picha ilipopelekwa sinema za Marekani mwaka 2000 kipande kile kilikatwa. Mimi naona wangekiacha, ila bila mzaha.

Je, hii inatosha kusema picha haina lawama? Hapana. Kwenye ile ya 1978 Wong anakunywa na anashinda, hilo lipo. Lakini kinachomshindisha siyo kinywaji. Na hapa ndipo ninapotaka kufikia.

ALICHORUKA BIBI HO

Mazoezi ndiyo moyo wa picha. Mzee So anamning'iniza Wong kichwa chini miguu juu. Kuna pipa la maji chini na ndoo juu. Anapewa vikombe vidogo kama vya kahawa. Kazi yake ni kuchota chini, ajikunje tumbo apande mpaka juu, amimine, ashuke, achote tena. Mpaka ijae. Anavunja njugu ngumu kwa vidole. Anafinywa viganja mpaka analia. Hakuna pombe hapo, ni jasho tu. Nguvu yote utakayoiona mwishoni imetoka kwenye vile vikombe.

Halafu anafundishwa wale miungu wanane. Saba anajifunza vizuri. Wa nane, Bibi Ho, anamdharau. Anasema moyoni, mimi mwanaume nitajikunyata na kurembua kama mwanamke? Analiruka somo.

Pambano la mwisho linafika. Thunderleg anazijua zile staili. Wong anatoa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Zinafanya kazi, halafu adui anabadilisha mtindo na zinakwama. Mzee So kutoka pembeni anampigia kelele atumie Bibi Ho. Na Wong, akiwa anapigwa, inabidi akiri mbele ya mwalimu wake kwamba lile somo hakulisoma.

Wadau, mimi nilikaa mtihani wa kidato cha nne nikiwa nimeruka mada mbili za hesabu kwa sababu niliona hazinihusu. Zilikuja. Zote mbili. Kila nikitazama kipande kile napata joto la masikio. Naamini wengi mtaani tunakipenda kipande hiki bila kujua kwa nini, na ni kwa sababu kila mmoja ana Bibi Ho wake aliyemruka.

Anachojibiwa Wong na mwalimu ni kwamba basi achanganye yote anayoyajua, atengeneze ya kwake. Na anatengeneza. Anarembua, anakata kiuno, anajipaka poda hewani, na kwa namna hiyohiyo aliyoidharau anamwangusha adui. Nusu ni adhabu na nusu ni zawadi. Kwa hiyo kwangu picha hii inahusu mwanafunzi aliyechelewa kusoma, na kumwita mlevi ni kumwonea. Ndiyo maana nikasema kwa hadithi ya kwanza inashinda.

HUKUMU YA MAMA

Jumapili jioni nilimwekea mama picha, mimi na mdogo wangu tumekaa chini, yeye kwenye kiti anachambua mchele. Nilikuwa natafsiri kama mtu wa kibandani, ila bila kuongeza chumvi. Alicheka kwa shangazi. Alinyamaza kwenye vikombe vya maji. Kwenye kibuyu cha maji aliacha kuchambua mchele kabisa. Hakusema kitu, na mimi sikutafsiri hapo. Hapakuwa na haja.

Ilipoisha aliuliza swali moja. "Na yule mzee baadaye alikuwaje?" Nikasema picha haituonyeshi. Akasema, "Ndiyo tatizo la picha zenu. Zinamalizia pale anaposhinda kijana."

Halafu akamgeukia mdogo wangu. "Wewe. Kama unataka kumuiga, muige kwenye kile kipande cha kuning'inia na ndoo. Nikikuona tena na chupa, mimi ndiye nitakuwa Mguu wa Radi."

Kwa hiyo hukumu ni hiyo wadau: picha inaruhusiwa nyumbani kwetu, lakini kwa masharti. Tangu jana asubuhi mdogo wangu anajinyonganyonga kwenye tawi la mwembe na kikombe cha plastiki. Ndoo bado iko tupu, ila anajitahidi.

Na mimi nimejiandikisha kurudia hesabu. Msicheke.

Sasa zamu yenu. Uliiona wapi mara ya kwanza, ya kwanza au ya pili ipi kali, na je, ungemwachia mwanao aitazame? Hasa wale mliokuwa na mtu mlevi ndani ya nyumba, ningependa kusikia kutoka kwenu. Matusi hapana, hoja ruksa.

Tupo pamoja.